Kumfundisha Mhudumu wa Afya Kuuliza Kuhusu Kujiua: Mwongozo Kamili kwa Wakufunzi

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Wengi wao hupita mbele ya mhudumu wa afya muda mfupi kabla ya kifo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuta kwamba karibu 45 kati ya kila 100 walikuwa wameonana na mhudumu wa huduma za msingi katika mwezi wao wa mwisho. Mtu huja na kichwa kinachouma au usingizi uliopotea, anapimwa presha, anaandikiwa dawa, anaondoka.

Mara nyingi mhudumu aliyempokea anazijua dalili za sonona. Kinachomshinda ni sentensi moja. Anahofia kwamba akiuliza atampandikizia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Anahofia kwamba mgonjwa akisema "ndiyo", hatajua afanye nini. Na anahofia foleni iliyo nje ya mlango. Mafunzo mazuri hujibu hofu hizo tatu, na hayawezi kuzijibu kwa hotuba. Ndiyo maana mpango ulio hapa chini unampa mshiriki saa mbili za kuzungumza kwa kila saa moja ya kusikiliza.

Kabla ya kumwita mtu yeyote

Anza na njia ya rufaa. Kumfundisha mtu kuuliza huku kituo chake hakijui kitampeleka wapi anayejibu "ndiyo" ni kumtesa mhudumu na kumhatarisha mgonjwa. Keti na wakuu wa kituo, andikeni karatasi ya ukurasa mmoja inayojibu haya: nani ataitwa kwanza mchana, nani ataitwa usiku na sikukuu, mgonjwa atasubiri chumba gani na nani atakaa naye, usafiri wa rufaa unatoka wapi, na nani atampigia simu baada ya kuruhusiwa. Andikeni vyeo pamoja na namba za simu, kisha mzipige namba zote. Namba isiyopokelewa siku ya maandalizi haitapokelewa usiku wa dharura.

Soma pia sheria ya nchi. Ziko nchi ambazo kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, na mgonjwa anayejua hivyo atakana hata akiulizwa kwa upole wote. Washiriki waelewe wajibu wao wa kisheria ni upi hasa, maana wengi hudhani wanalazimika kutoa taarifa polisi wakati hakuna sheria inayowataka.

Kundi lisizidi watu 18, na liwe na wakufunzi wawili, mmoja wao akiwa mtaalamu wa afya ya akili. Changanya kada: matabibu, wauguzi, wakunga, wafamasia. Watu wa mapokezi na walinzi wapewe kikao chao cha saa mbili, kwa sababu wao ndio wanaomwona mgonjwa akigeuka kuondoka kabla ya kuitwa. Siku mbili za saa sita zinatosha kwa msingi. Siku moja haitoshi: siku ya kwanza watu hujifunza kuuliza, ya pili hujifunza kulipokea jibu.

Kuwalinda walio chumbani

Katika kundi la watu 18 ni jambo la kawaida kuwepo aliyefiwa kwa namna hii, aliyempoteza mgonjwa, au mwenye mawazo hayo yeye mwenyewe. Watumie taarifa ya mada wiki moja kabla, na mruhusu mtu kujitoa bila kueleza sababu. Mwanzoni mwa siku sema wazi: anayetaka kutoka atoke, mkufunzi wa pili atamfuata baada ya dakika tano kumjulia hali, na hakuna atakayeulizwa mbele ya wenzake. Usionyeshe picha, na usisimulie jinsi mtu alivyokufa. Mwisho wa kila siku tenga dakika 20 za kukaa pamoja bila kazi.

Na ikiwa wewe unayesoma haya unayabeba mawazo hayo sasa, mwambie mtu leo, kwa maneno hayohayo. Kituo cha afya kilicho karibu nawe au namba ya dharura ya nchi yako ni mahali pa kuanzia.

Siku ya kwanza, asubuhi: neno lenyewe

Fungua na hofu ya kwanza. Tafiti zimeipima mara nyingi. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2005 liliwahusisha wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari. Walioulizwa kuhusu kujiua hawakuonyesha mfadhaiko zaidi wala mawazo zaidi kuliko ambao hawakuulizwa, na wenye sonona miongoni mwao walionekana kupata nafuu kidogo. Lieleze jambo hili kwa dakika kumi, kisha simamisha watu.

Zoezi la kwanza ni jepesi kulisema na gumu kulifanya. Kila mshiriki anamwendea mwenzake, anamtazama, anasema: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Mwenzake anajibu "asante kwa kuniuliza", basi. Anahamia kwa mwingine, hadi amewafikia kumi. Sikiliza sauti zao. Mara tatu za mwanzo sauti hushuka kwenye neno la mwisho, au mtu hucheka, au hulimeza. Kufikia mara ya saba neno linatoka kama "homa" au "kikohozi". Usilikatize zoezi hili kwa kuona haya. Linafanya kazi kuliko saa nzima ya maelezo.

Kisha wafundishe jinsi swali linavyoharibika. Kiswahili kina mitego yake hapa, na mwongozo uliotafsiriwa hauioni.

Mtego mkubwa ni swali la kukanusha. "Hufikirii kujiua, sivyo?" Mgonjwa anajibu: "Ndiyo." Ndiyo ipi? Kwetu sisi "ndiyo" hapo humaanisha "ndiyo, sifikirii", lakini inaweza pia kuwa ndiyo ya mtu anayekiri kwa shida. Mhudumu anaandika "amekana" na kumruhusu. Tena, swali lenyewe limekwisha kumwambia mgonjwa jibu linalotakiwa. Weka sheria isiyo na msamaha: swali hili huulizwa kwa kukubali tu, na jibu lisiloeleweka huulizwa upya.

Mtego wa pili ni kupunguza makali: "Umewahi kuwaza mambo mabaya?" Mambo mabaya ni mengi, mwingine atadhani anaulizwa kuhusu wizi au uzinzi. Neno "kujidhuru" nalo si mbadala wa "kujiua". Anayejikata ili maumivu ya moyoni yapungue atasema ndiyo bila kutaka kufa, na anayetaka kufa anaweza kusema hapana, kwa sababu machoni pake anapumzika, hajidhuru. Uliza yote mawili, kila moja kwa jina lake.

Yapo pia maneno ya kuacha. "Alishindwa kujiua" na "alifanikiwa kujiua" huyageuza mauti kuwa ushindi. Sema "alijaribu kujiua" na "alikufa kwa kujiua". Waeleze wote chumbani kwamba "anatafuta tu kuonewa huruma" ni maneno yanayoua.

Malizia asubuhi kwa kukusanya ubaoni maneno ya wagonjwa wenyewe. Washiriki wanayajua: nimechoka na dunia, natamani nilale nisiamke, bora nipumzike, mtanikumbuka, mimi ni mzigo tu, watoto watalelewa na Mungu. Karibu na kila kauli waandike swali linalofuata. Kwa mfano, "natamani nilale nisiamke" hufuatwa na: "Mtu akifika hapo, wakati mwingine huwaza pia kujiua. Wewe umewaza hivyo?"

Mchana: mlolongo wa mazungumzo

Hatua ya kwanza ni faragha. Ndugu aliyemsindikiza mgonjwa atolewe kwa heshima, na sentensi yake iwe ya kudumu ili isionekane kama shaka: "Huwa naongea na kila mgonjwa peke yake kwa dakika chache. Mama, naomba utusubiri hapo nje, nitakuita." Asitumike ndugu kutafsiri.

Pili, usiri na mipaka yake, kabla ya swali: "Tutakayosema hapa ni siri. Nikiona maisha yako yako hatarini, nitahitaji kumhusisha mtu mwingine, na nitakwambia kwanza." Mhudumu anayelisema hili baada ya mgonjwa kufunguka amemsaliti, hata kama nia yake ni njema.

Tatu, daraja. Huwezi kutoka kwenye kidonda cha mguu ukatua kwenye kujiua. Daraja hupita kwenye hali ya mgonjwa: "Umesema hulali kwa wiki tatu na maumivu hayapoi. Mtu akibeba mzigo kama huo anaweza kufika mahali pa kutotaka kuishi. Wewe umefika hapo?" Kwa mtu mzima kuliko mhudumu, tangulia kuomba ruhusa: "Baba, naomba unisamehe, nitakuuliza jambo zito." Heshima iende kwenye maneno yanayotangulia; swali lenyewe libaki kamili.

Nne, maswali yenyewe. Chagueni chombo kimoja, yaani orodha ya maswali iliyoandaliwa kupima hatari ya kujiua, kwa kituo kizima. Kile kiitwacho ASQ kina maswali manne, na la tano, kuhusu mawazo ya wakati huohuo, huulizwa ikiwa mojawapo limejibiwa ndiyo. Kipimo kifupi cha Columbia kina sita: kutamani kufa, mawazo ya kujiua, njia aliyoifikiria, nia ya kutekeleza, mpango alioandaa, na kama amewahi kufanya au kuanza kufanya lolote. Likikanushwa la pili, mhudumu huruka hadi la sita, na hapo ndipo wanaoanza hukosea: hupumua kwa nafuu na kuacha. La sita huulizwa kila mgonjwa, kwa sababu jaribio la nyuma ni miongoni mwa ishara nzito kuliko zote. Kituo kinachotumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, kikumbuke kwamba swali la tisa huchanganya kutamani kufa na kujiumiza, hivyo jibu lolote lililo juu ya sifuri lifungue maswali haya.

Tano, ukimya. Baada ya swali, mhudumu ahesabu moyoni hadi kumi. Asiguse kalamu wala kompyuta. Wengi huvunja kimya sekunde ya tatu kwa swali jingine, na mgonjwa hujibu lile jepesi.

Sita, kupokea. Jibu likiwa "ndiyo", maneno ya kwanza yawe mafupi: "Asante kwa kuniambia. Ni jambo gumu kulisema. Nieleze zaidi." Neno "pole" lina mahali pake, lakini likija upesi hufunga mazungumzo, kwetu mtu akipewa pole hujibu "nimeshapoa" na habari inaishia hapo. Maneno ya kupiga marufuku chumbani ni "jipe moyo", "wapo wenye shida kuliko wewe", "fikiria watoto wako", "ni dhambi". Hata yakiwa ya kweli kwa anayeyasema, mgonjwa husikia kwamba hakupaswa kusema. Imani yake ikiwa ni nguzo, ataitaja mwenyewe akiulizwa kinachomfanya aendelee kuishi.

Igizo dhima: moyo wa mafunzo

Wagawe watu watatu watatu: mhudumu, mgonjwa, mtazamaji. Dakika 8 za igizo, dakika 7 za mrejesho, kisha wabadilishane hadi kila mmoja ameshika nafasi zote. Kila raundi ni dakika 45, na kila mtu afanye raundi nne katika siku hizo mbili.

Kadi ya mgonjwa iwe na mistari mitano tu: umri na kilichomleta, jambo linalomsumbua, anachokubali kusema akiulizwa moja kwa moja, anachoficha asipoulizwa, mtu mmoja anayemwamini. Usiandike maelezo ya kina ya njia ya kujiua. Anayeigiza mgonjwa asitumie maisha yake mwenyewe, na igizo likiisha ataje jina lake halisi na kitu atakachokula jioni. Huonekana kama mchezo wa watoto, lakini humtoa mtu kwenye nafasi hiyo.

Mtazamaji anashika karatasi ya vipengele vinane na kutia alama "limefanyika" au "halikufanyika": faragha, usiri, daraja, neno "kujiua" limetamkwa, swali halikuwa la kukanusha, ukimya, jaribio la nyuma limeulizwa, hatua inayofuata imesemwa. Mrejesho unaanza na mhudumu mwenyewe, unafuata wa mgonjwa ("nilifunguka uliposema…"), mtazamaji anamaliza kwa kipengele kimoja tu cha kurekebisha. Kisha sentensi ile iliyokwama irudiwe papo hapo. Mrejesho bila kurudia hausaidii.

Makosa mawili hujitokeza karibu kila mara. La kwanza, mgonjwa wa igizo kukubali kila kitu upesi kwa kumhurumia mwenzake. Mkufunzi apite akimnong'oneza akaze. La pili, mhudumu kugeuka mpelelezi, maswali sita kwa dakika moja na macho kwenye karatasi. Mpe sharti: kabla ya swali jipya, rudia kwa maneno yako alichosema mgonjwa.

Siku ya pili: baada ya "ndiyo"

Anza kwa kuondoa matumaini potofu ya utabiri. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliounganisha tafiti 365 za miaka 50 ulionyesha kwamba vihatarishi tunavyovikariri, yaani mambo yanayoongeza hatari ya kujiua, hutabiri vibaya, karibu sawa na kubahatisha. Maana yake kwa mhudumu ni nyepesi: usitumie alama za kipimo kumnyima mtu msaada. Alama hutumika kuamua upesi na ukubwa wa msaada.

Mwenye nia na mpango sasa hivi haachwi peke yake hata kwenda msalani, chumba kinaondolewa vitu vya hatari, na mtaalamu anaitwa siku hiyohiyo. Mwenye mawazo bila nia wala jaribio la karibuni hutengenezewa mpango wa usalama kabla ya kuondoka, na tarehe ya kurudi ndani ya siku saba. Aliye katikati, ambaye mhudumu hana uhakika naye, huchukuliwa kama wa kundi la juu hadi mwenzake mzoefu amwone.

Mpango wa usalama, ulioandaliwa na Barbara Stanley na Gregory Brown huko Marekani, una sehemu sita na huchukua dakika 20 hadi 45:

1. Dalili zinazomwonyesha mgonjwa kwamba hali inaanza.
2. Mambo anayoweza kuyafanya peke yake ili wimbi lipite.
3. Watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, bila kulazimika kueleza.
4. Watu anaoweza kuwaomba msaada waziwazi.
5. Wahudumu na namba za dharura.
6. Kuyafanya mazingira kuwa salama.

Huandikwa kwa maneno ya mgonjwa, kwa mkono wake ikiwezekana. "Nitajishughulisha" si mpango. "Nitatoka nikatembee hadi kwa dada" ni mpango. Kwa kila mstari uliza: "Utaweza kulifanya hili usiku wa manane? Nini kitakuzuia?" Jibu likionyesha ugumu, badilisha mstari.

Sehemu ya sita ndiyo inayorukwa, kwa sababu mhudumu anaona haya kuuliza kuhusu vitu vya nyumbani. Ifanyieni zoezi peke yake kwa saa nzima. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi ni la muda mfupi, na umbali kati ya mtu na kitu cha kumdhuru humpa nafasi ya kulivuka. Uliza kuhusu silaha, viuatilifu na dawa zilizorundikana. Mtajeni mtu wa kuvitunza nje ya nyumba, au kuvifungia asivyovifikia mgonjwa, na kwa ridhaa ya mgonjwa mpigieni mtu huyo simu, mgonjwa akiwa bado ameketi. Dawa zake mwenyewe ziandikwe za siku chache kwa wakati. Hapa mfamasia ana kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Usimtake mgonjwa asaini ahadi ya kutojiua. Hakuna ushahidi kwamba karatasi hiyo humlinda, na humfundisha kuficha.

Simu ya baadaye

Siku za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari, na hapo ndipo mifumo mingi humwacha mtu. Utafiti wa WHO katika Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watu 1,867 waliofika hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa moja na kutembelewa au kupigiwa simu mara tisa ndani ya miezi 18. Waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la kwanza na 0.2 katika la pili. Marekani nako, utafiti wa mwaka 2018 katika idara za dharura za hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani) ulioanisha mpango wa usalama na simu za ufuatiliaji: matukio ya kujaribu au kujiandaa kujiua katika miezi sita yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 45.

Simu ya kwanza ipigwe ndani ya saa 72. Ina sehemu tatu, dakika kumi: unaendeleaje na mawazo yale, yaani swali lilelile kwa neno lilelile, mpango umekusaidia wapi na umekwama wapi, tutaonana lini. Mgonjwa aulizwe mapema ipigwe namba gani, mhudumu ajitambulisheje akipokea mtu mwingine, na nani atafutwe asipopatikana. Washiriki waifanye simu hii wakiwa wamepeana migongo, ili wazoee kusikiliza bila kuona uso.

Kumbukumbu kwenye faili

Faili lionyeshe swali lililoulizwa, jibu kwa maneno ya mgonjwa, njia na nia kama zipo, kinachomlinda, uamuzi na sababu yake, nakala ya mpango, tarehe ya simu. "Hana mawazo ya kujiua" peke yake haionyeshi kama aliulizwa. Andika: "Ameulizwa moja kwa moja, amesema hapana, jaribio la nyuma: hapana."

Kupima na kurudia

Fomu ya kuridhika na mafunzo haikwambii kitu. Pima kwa igizo la dakika nane kabla ya mafunzo na baada yake, kwa karatasi ileile ya vipengele vinane, mpimaji akiwa mtu asiyemfundisha mshiriki huyo. Atakayepata chini ya sita arudie igizo na mkufunzi kabla ya kwenda kazini. Vipengele viwili havina fidia: kutamka neno, na kusema hatua inayofuata.

Ustadi huu hufifia. Rudi baada ya wiki sita kwa dakika 90, kisha kila miezi mitatu kwa mwaka mmoja. Kwenye kila kikao chukua mafaili 20 ya mwezi uliopita bila kuchagua, ukiwa na kibali cha kituo, na uhesabu: wangapi waliulizwa, waliosema ndiyo wangapi wana mpango, na wenye mpango wangapi walipigiwa simu ndani ya saa 72. Hesabu ya kwanza ikiwa ndogo, rudisheni zoezi la watu kumi. Ya pili ikiwa ndogo, mara nyingi fomu haipo mezani au muda haukutengwa, na hilo ni la kuzungumza na mkuu wa kituo. Ya tatu ikiwa ndogo, tazama kama kuna mtu mwenye jina, simu na saa ya kazi hiyo. Ikiwa "sote tunapiga", hakuna anayepiga.

Mgonjwa akifa kwa kujiua licha ya yote, kikao kifuatacho kisiwe cha mafunzo. Aliyemhudumia akae na mtu anayemwamini ndani ya saa 24, asiachwe kuwaeleza familia peke yake, na mapitio ya kilichotokea yasubiri hadi aweze kuyazungumza.